Kamba ya Msingi Si Kamba ya Kuanikia Nguo

Kwa Mheshimiwa Ofisa wa Ujenzi,
Ofisi ya Mji,
chumba cha mwisho kulia, kile chenye pazia.

KUHUSU: KUSUMBULIWA NA AMANI NIKIWA KAZINI

Mheshimiwa,

Salamu kwako na kwa wote mliomo humo ndani. Mimi ni yule kibarua anayechimba msingi wa ukuta hapo uwanjani kwako. Ukisogeza pazia utaniona. Mwenye kofia iliyochanika ni mimi. Hutakosea, niko peke yangu. Wenzangu wawili waliacha wiki ya kwanza, sababu nitaisema.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko utanisamehe. Maneno ni yangu. Nimekaa ndani ya toroli, ni saa ya mapumziko, karatasi nimeilaza juu ya beleshi.

Mimi si mtu wa kulalamika. Miaka ishirini na sita nimebeba zege, nimechimba mitaro, vyoo na makaburi. Sijawahi kumwandikia mtu barua. Hata mke wangu sikumwandikia, nilimwendea. Lakini hili limenishinda, na jana umebandika tangazo kwenye ubao, nami nimelisoma mara mbili. Linasema Jumatatu asubuhi, kabla zege halijamwagwa, yeyote aliyeichezea kamba ya ujenzi kwa kuanika nguo atakamatwa. Tangazo naliunga mkono. Kamba ya kazi si ya kuchezewa. Ila nataka ujue yote kabla ya Jumatatu, maana mwenye nguo ni shemeji yangu.

Nikukumbushe kazi yenyewe, najua una mengi. Uliagiza ukuta. Utoke pembe ya ofisi, ukate uwanja, ufike kwenye tangi la maji. Hatua sabini. Ni ili magari ya ofisi yapate pa kukaa bila watu kupitapita. Hao wanaopitapita ni watu wa mtaa, wanakwenda zahanati. Kwa njia hiyo ya uwanjani, kutoka nyumba ya mwisho hadi mlango wa zahanati ni dakika nane. Ukuta ukisimama watazunguka barabara kubwa, dakika arobaini. Mwenye mgonjwa mkononi, zaidi. Sisemi ni vibaya. Nasema ni dakika arobaini.

Mtaa ukaunda kamati. Inaitwa Kamati ya Amani na Haki. Mwenyekiti ni huyo shemeji, fundi cherehani, dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Walikuandikia barua tatu. Walikuja ofisini mara mbili wakaambiwa umesafiri, na viatu vyako walikuwa wanaviona chini ya pazia. Basi wakaamua kukaa. Hawachomi tairi, hawarushi jiwe, hawaimbi hata. Wanakaa tu penye kamba ya msingi, asubuhi mpaka jioni, kwa zamu. Walipatana kwamba kamba ilipo ndipo watakapokaa.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba. Mwalimu mstaafu wa kamati ndiye aliyenishauri. Alisema barua isiyo na namba ofisini wanaifungia karanga.

1. Wananisalimia.

Unaweza kuona hili ni dogo. Njoo uchimbe wewe. Nafika asubuhi na sururu begani, wameshakaa, watu arobaini. Wa kwanza anauliza nimeamkaje. Salama. Mgongo? Unauma. Wa pili amesikia mgongo unauma, anauliza napaka nini. Wa tatu anasema dawa ya wa pili ni ya kupaka milango. Wa nne ni mzee, siwezi kumpita bila shikamoo, nilikuwa na mama mimi. Mpaka nifike mwisho wa mstari jua liko utosini na sururu bado iko begani.

Kazi ya kuziba njia ya watu inataka matusi, Mheshimiwa. Mtu akikutukana unachimba kwa hasira na shimo linashuka lenyewe. Mtu akikuuliza mgongo unaendeleaje, sururu inaongezeka uzito. Wenzangu wawili waliachia hapo. Mmoja alisema hawezi kunywa maji ya mtu asubuhi na kumzibia njia mchana.

Naomba uwaamuru wanitukane. Nusu saa tu inatosha. Nimemwomba shemeji mwenyewe, maana ana ulimi. Siku ya harusi yangu aliniita mfuko wa saruji ulionyeshewa, mbele ya wageni. Akanijibu hawezi, kifungu cha pili cha kamati kinakataza matusi wakati wa zamu. Akasema nisubiri saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili zamu ikaisha, akanitukana vizuri sana, mpaka nikapata nguvu. Lakini beleshi nilikuwa nimeshaliosha.

2. Wanainua miguu.

Nikifika alipokaa mtu nasema samahani, nachimba hapa. Anainua miguu. Nachimba chini yake. Nikimaliza anaishusha miguu ndani ya shimo, anaendelea kukaa, tena sasa kwa raha maana amepata pa kuning'iniza. Kwa hiyo kadri ninavyochimba ndivyo wanavyokaa vizuri. Ofisi yako imewachimbia benchi, Mheshimiwa, na halina mwenzake mji mzima.

Jua likiwa kali wanaingia ndani kabisa. Wamechonga vidaraja vya kushukia. Wamefagia. Nimefanya kazi hii tangu sina ndevu, sijaona msingi uliofagiwa. Juzi nilimkuta bibi mmoja amejinyoosha humo, mikono kifuani, kimya. Niliogopa. Nimesema nimechimba na makaburi, najua mtu anavyolala. Nikamwita taratibu. Akafungua jicho moja akaniuliza nimefika futi ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema niongeze kidogo, kichwani bado kuna jua.

Niliongeza. Hilo nakiri.

3. Kamba.

Hapa soma polepole. Msingi unachimbwa kwa kamba. Unapiga vigingi, unavuta kamba toka kigingi mpaka kigingi, unachimba chini yake. Kamba ndiyo macho ya mchimbaji. Siku ya kwanza nilimuuliza msimamizi wako kama kweli ukuta unakata njia ya zahanati. Msimamizi huyo sisi tunamwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki mfukoni, hata msibani alikuja nayo. Aliniambia, "Wewe fuata kamba. Mambo ya kufikiri yana watu wake."

Nimefuata kamba.

Sasa shemeji na wenzake wanaianikia nguo. Wanasema wakikaa hapa kutwa watafua lini. Wanafulia kwenye bomba la tangi, wanaanika kwangu. Shuka, suruali, nepi, soksi moja ambayo mwenziwe sijamwona mpaka leo. Nguo mbichi ni nzito. Na kila siku ya kwanza kuanikwa ni gauni la bluu. Linaanikwa palepale, kwenye kigingi cha pili, ukingoni mwa njia. Gauni hilo nalijua. Nilimwambia shemeji aanike zingine zote lakini hilo alitoe.

Akasema, "Halijakauka."

Nikamwambia hata jana halikukauka.

Akasema, "Basi unaona mwenyewe. Bado bichi."

Kinachotokea, Mheshimiwa, ni kwamba tangu siku ya tatu kamba inasogea. Kila siku nusu hatua. Inasogea kuja kwako. Mimi sifikiri, nafuata. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Nusu hatua mara ishirini ni hatua kumi, hesabu hiyo hata darasa la nne tuliifanya. Kwa hiyo msingi hauendi tena tangini. Unatoka pembe ya ofisi, unafika ukingoni mwa njia, unaigeuzia njia mgongo, unarudi kwenye maua, unapita chini ya dirisha lako na kulizunguka banda la gari lako. Ndiyo maana wiki hii umesikia sururu karibu. Na ndiyo maana watu arobaini sasa wamekaa chini ya dirisha lako, maana nilishasema, kamba ilipo ndipo walipo.

Utauliza Futi alikuwa wapi. Futi anakuja kila asubuhi, hashuki kwenye pikipiki. Anatazama shimo, anatazama kamba, anaona shimo liko chini ya kamba, anaweka sahihi. Mara mbili alishuka akapima kina. Kiko sawa. Akapima urefu. Uko sawa. Kamba yenyewe hajaipima na ramani, kwa sababu ramani iko kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo. Sahihi zote ishirini na tatu ninazo. Kwenye karatasi ukuta wako umenyooka kama rula.

Alichokiona Futi ni nguo. Hizo zilimkera. Ndizo alizokuandikia, ndipo ukatoa tangazo.

4. Wamenifanya niwe wewe.

Hili ndilo lililoniumiza zaidi kikazi. Kamati ina kifungu kwamba asiyekuwepo hasemwi mpaka awepo wa kumtetea. Walikualika, hukuja. Wakakualika tena. Mara ya tatu wakasema basi mkutano utafanyika, na upande wako atausemea mtu anayefanya kazi yako. Wakatazama huku na huku. Nilikuwa nasafisha beleshi.

Nilikataa. Wakapiga kura. Nilipata kura zote ukitoa yangu.

Mkutano ulifanyika chumba cha kushonea cha shemeji. Cherehani ilisukumwa ukutani, vitambaa vikawekwa juu ya kabati, watu wakakaa mpaka mlangoni. Kwa ajili yako waliazima kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka. Mimi nikafanya kama nilivyowahi kuona. Nilichelewa saa nzima. Nilipoingia nikatazama mkono, ingawa saa sina. Nikasema suala lenu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nikaomba maji. Nikazunguka na kiti mara moja. Nikasema nina kikao kingine, nikaondoka kabla ya maswali.

Walipiga makofi mpaka nikawasikia barabarani. Mwalimu mstaafu alinifuata akanipa mkono, akasema katika maisha yake hajaona ofisi ikisemewa vizuri namna ile. Shemeji yeye alisema kilikosekana pazia tu.

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake asubuhi nafungua mlango nakuta mama mmoja na barua. Bomba limepasuka nyuma ya nyumba yake, wiki ya sita hii, barua ameshaleta kwako mbili, sasa hii ya tatu ameileta kwa yule mwakilishi. Kosa langu nalijua. Nilipaswa kumwambia arudi kesho. Lakini nilikuwa na beleshi mkononi. Nikaenda nikachimba, nikalifunga, nikafukia. Jioni habari zimeenea kwamba ofisi siku hizi inafanya kazi.

Tangu siku hiyo mlangoni kwangu kuna foleni. Nimeamua kesi ya uzio. Nimewapatanisha kinyozi na mwenye redio. Mtaro wa nyuma ya shule nimeuzibua, na mwalimu mkuu akaniandikia barua ya shukrani, mwanzoni imeandikwa Mheshimiwa. Nimeificha. Cheo hiki sikukiomba na kinanichelewesha kazini. Ama univue, ama unipe muhuri.

5. Askari.

Uliwatuma askari wawili, Jumatano, wawatoe watu msingini. Walikuja vizuri, viatu vinang'aa. Shemeji akawapisha pa kukaa kivulini, wakakataa, wakasema wako kazini. Yule mrefu akasogea kwenye shimo kutoa amri. Akainama. Akakuta anayemtazama kutoka chini ni mama yake mzazi, yule bibi aliyenifungulia jicho moja.

Akamuuliza, "Mama, unafanya nini humo?"

"Nimekaa."

"Mimi nimetumwa niwatoe."

"Nitoe basi, mwanangu. Ila goti la kushoto ndilo bovu, ulishike kwa chini."

Yule kijana alilitazama goti. Mwenzake akawa anaangalia maua. Watu arobaini hawakucheka, kifungu cha tano kinakataza. Mwishowe akavua kofia ya kazi akamvisha mama yake, kwa sababu ya lile jua la kichwani, na wakaondoka. Kwa hiyo iko kofia moja ya serikali humo shimoni. Naitaja mapema isije ikasemwa imeibwa.

Ninacholalamikia ni hiki. Wangepigana kidogo mngekuwa na sababu ya kuwaondoa, nami ningemaliza kazi siku ileile. Watu hawa amani yao inavuruga amani. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

6. Stuli.

Katika ule mstari wao kuna nafasi moja hawakai. Iko ukingoni mwa njia, kwenye kigingi cha pili. Wameweka stuli, haina mtu. Sehemu kubwa ya kamba imehamia kwako na wao wamehama nayo, lakini stuli imebaki palepale.

Ni ya mke wangu. Yeye ndiye aliyekuletea ile barua ya kwanza ya kamati, alipokuwa anaweza kutembea. Mwaka jana mchana mmoja pumzi ilimkatikia nyumbani. Niliitwa kutoka kazini. Hakukuwa na gari, nikamtia kwenye toroli, hili nililokalia. Shemeji akashika kichwa. Wanawake wa mtaa wakatangulia mbele wanaondoa mawe njiani, kila jiwe, mpaka leo njia ile haina mawe. Dakika nane. Mganga akamwekea mpira wa hewa, baadaye akaniambia ningefika dakika ya kumi na tano ningerudi na toroli tupu.

Tukapata miezi minne. Miezi minne yote alinigombeza. Kwamba navaa soksi chafu, kwamba natafuna kwa sauti, kwamba nikibaki peke yangu nitakula wali wa jana kila siku. Wali wa jana nimekula jana. Miezi minne ile ilitoka kwenye njia hiyo, Mheshimiwa. Sikupewa na mtu mwingine.

Sasa kikazi malalamiko yangu ni kwamba stuli inazuia. Siku ya tatu nilifika pale na sururu. Hata salamu hawakutoa. Kuna mtu ukimwambia samahani anainua miguu. Stuli utaiambia nini?

7. Jumatatu.

Kama nilivyosema, Jumatatu ni zege. Kokoto imefika, saruji imefika, mashine ya kuchanganya inakuja asubuhi. Zege likishachanganywa halingoji mtu, linamwagwa. Litamwagwa kwenye shimo, na shimo ni lile lililoko chini ya kamba. Kwa hiyo ukuta ukisimama juu yake watu wa mtaa watakuwa nje ya ukuta na njia yao, na wewe utakuwa ndani ya ukuta na gari lako. Mlango haupo. Kamba haikuonyesha mlango, na mimi sifikiri.

Gari utaliacha. Lakini usihuzunike, nyumbani kwako unaweza kufika kwa miguu. Utapanda dirishani, utashuka kwenye maua, utashika njia ya uwanjani. Ni njia nzuri, haina mawe. Utasalimiwa.

Maombi yangu basi. Naomba upige marufuku amani kwenye eneo la ujenzi, kwa maandishi, saa za kazi. Ikishindikana naomba zahanati ihamishwe iletwe upande huu wa watu, nikikadiria ni vyumba vinne na kichanja cha kukaushia mashuka, nikipata vibarua kumi tutaibomoa na kuijenga tena, kwa kasi ya ofisi itachukua miaka sita, na wagonjwa waambiwe wasubiri. Hilo nalo likishindikana naomba ihame ofisi. Ofisi haiugui.

Na yote yakishindikana, njoo mwenyewe Jumatatu mapema, ushike kamba. Kamba ina ncha mbili, mtu mmoja hawezi kuinyoosha. Mimi nitashika ya huku na wewe utasimama pale penye stuli. Utavuta. Kisha utaniambia kwa mdomo wako kwamba kamba ipite hapo, nami nitachimba. Naapa nitachimba. Sijawahi kumkatalia mwenye kazi. Sharti langu ni hilo tu, kwamba safari hii mwenye kufikiri awepo.

Msalimie karani wako, mwambie kikohozi chake tunakisikia na zahanati ni dakika nane. Msalimie mlinzi. Msalimie yule mwenye ufunguo akirudi likizo. Futi namwona kila siku, mwambie ashuke kwenye pikipiki. Kamati nayo inakusalimu. Walitaka nibebe salamu za kila mmoja kwa jina, nimewakatalia, karatasi ni moja. Bibi wa shimoni anasema ukipata nafasi ufungue dirisha, wanasikia simu yako ikilia na hupokei, wana wasiwasi juu yako.

Ni mimi kibarua wako, kutoka futi tatu na nusu chini ya dirisha lako.

N.B.

Kuhusu namba tatu. Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena.

Nguo haing'oi kigingi. Futi angelijua hilo kama angewahi kupiga kigingi hata kimoja. Shuka mbichi inavuta kamba chini, haiisogezi pembeni. Kamba naihamisha mimi. Nafika alfajiri kabla yao, nang'oa, napiga upya, nafuta alama kwa mguu, naondoka, kisha narudi na sururu wakiwa wameshakaa. Siku ya tatu nilitaka kukwepa stuli tu. Nusu hatua. Nilidhani mbele nitairudisha kwenye mstari wake. Kesho yake nikashika kigingi cha tatu, mkono ukakataa kukirudisha, na cha nne hivyohivyo. Upande mmoja wa vigingi ilikuwa njia, upande wa pili ulikuwa wewe.

Shemeji aliona siku ileile. Fundi cherehani mstari uliopinda unamuumiza macho. Hakuniambia neno. Ufunguo wa kwangu anao, akaenda akatoa gauni la bluu la mdogo wake sandukuni, lilikuwa safi, limekunjwa. Akalilowesha bombani akalianika palepale kwenye mpindo, ili siku mtu akiuliza kamba imefanya nini, jibu liwe ni nguo. Kisha akawaambia na wengine waanike. Tangu hapo kila asubuhi analilowesha, na jana baada ya tangazo amewaambia wanakamati kwamba Jumatatu atajitaja yeye, na asiwepo wa kumbishia.

Kwa hiyo futa namba moja mpaka sita, na wa kukamatwa Jumatatu ni mimi. Toroli nitaliacha ukingoni mwa njia, magurudumu yametiwa mafuta, atakayelihitaji alichukue. Shemeji hajui kama nimeandika. Nitakapokamatwa atanitukana, na safari hii itakuwa saa za kazi.

Ila uamue haraka. Gauni linaanza kupauka.